Gari la Dragi Linapotikisika: Kutafuta Chanzo katika Tairi na Saspensheni

Mtikisiko wa gari la dragi hautafutiwi dawa kabla haijajulikana umeanzia wapi kwenye njia. Mbio za dragi, za kushindana kasi kwenye njia iliyonyooka, hukimbiwa kwa robo maili, yaani mita 402, au nusu yake, mita 201, na katika sekunde hizo chache gari hupitia hali zinazotofautiana sana. Kwanza uzito hukimbilia nyuma na pua ikainuka. Kisha pua hushuka na magurudumu ya mbele yakaanza tena kubeba mzigo. Halafu mwendo hupanda hadi kiwango ambacho kasoro ndogo ya mizani ya gurudumu hugeuka kuwa mtetemo mkali. Na mwishoni dereva hukanyaga breki au kufungua parachuti. Kila hali huelemea sehemu tofauti ya gari. Ndiyo maana madereva wawili wanaweza kulalamika kwamba gari linayumba, mmoja akawa na bushi (raba ya kwenye maungio) iliyokufa kwenye ekseli ya nyuma na mwingine akawa na tairodi (nondo inayogeuza gurudumu) iliyolegea mbele.

Gari nitakalolitumia kama mfano ni Ford Mustang ya kizazi cha 1979 hadi 1993, kile ambacho wapenzi wake hukiita Fox. Ni jepesi, vipuri vyake vimejaa Marekani, na kwa miaka mingi limekuwa miongoni mwa magari yanayoonekana sana kwenye njia za dragi za huko. Nyuma lina ekseli nzima inayoshikwa na mikono minne: miwili ya chini iliyokaa karibu sambamba na urefu wa gari, na miwili ya juu iliyokaa mshazari. Mikono hiyo ya juu ndiyo pia inayoizuia ekseli isihame kushoto na kulia, kwa kuwa gari halina nondo ya kukingama kwa kazi hiyo. Mbele lina shokapu zinazosimama wima zikishika gurudumu kwa juu, springi zilizokaa peke yake juu ya mikono ya chini, na usukani wa reki. Anayemiliki gari la aina nyingine atakuta majina ya sehemu yanabadilika, lakini namna ya kufikiri ni ileile.

Ushahidi kwanza

Kabla gari halijapandishwa jeki, kusanya vitu vitatu. Cha kwanza ni video ya mwendo wa polepole, iliyopigwa kutoka ubavuni ikilenga tairi la nyuma peke yake. Simu nyingi za siku hizi hupiga picha 240 kwa sekunde, na hizo zinatosha. Cha pili ni karatasi ya muda. Kwenye njia za robo maili karatasi hiyo huonyesha muda wa gari kufika mita 18, mita 100, mita 201, mita 305 na mita 402, pamoja na mwendo kasi katika nusu ya njia na mwishoni. Muda wa mita 18 ukiharibika huku mwendo wa mwishoni ukibaki palepale, injini ni nzima na tatizo liko kwenye kuondoka. Kama muda wa mita 18 ni mzuri na gari linapoteza sehemu ya pili ya njia, huenda dereva mwenyewe amepunguza mafuta kwa sababu gari linamtisha, hata kama hajalisema.

Cha tatu ni alama. Piga mstari mmoja wa rangi nyeupe unaoanzia kwenye rimu na kuendelea hadi ubavuni mwa tairi, kwa matairi yote mawili ya nyuma. Piga mwingine pale mirija ya ekseli inapoingia kwenye chuma cha kati cha difu. Weka nukta kwenye kila nati ya mikono, ya shokapu na ya usukani, ivuke hadi kwenye chuma kilicho jirani. Rangi hiyo ya bei ndogo itakueleza baada ya mbio moja mambo ambayo macho hayawezi kuyaona.

Mita 18 za kwanza: tairi linadunda, au linajikunja?

Hapa ndipo makosa mengi ya utambuzi hutokea, kwa sababu dereva aliyeko ndani huhisi kitu kimoja tu, kipigo cha nguvu kinachomfanya asione vizuri. Nje kuna matukio mawili yasiyofanana hata kidogo.

La kwanza ni kudunda. Ekseli nzima hupanda na kushuka, na kwenye video utaona mwanga ukipita chini ya tairi. Ardhini hubaki alama nyeusi zilizokatika, zenye nafasi kati yake. Kinachotokea ni kwamba nguvu ya injini hujaribu kuizungusha ekseli kinyume na mzunguko wa magurudumu, pua ya difu ikapanda, raba za bushi zikajisokota hadi mwisho wake, kisha tairi likapoteza mshiko kwa nukta ya sekunde, bushi zikajifyatua kurudi, tairi likashika tena, na mzunguko ukaanza upya. Ford wenyewe waliujua udhaifu huu, na katikati ya miaka ya 1980 waliongeza kwenye Mustang za V8 shokapu mbili zaidi za nyuma, zilizolala, kwa ajili ya kuituliza ekseli.

Ukiona dalili za kudunda, anza na bushi. Mweke mtu mmoja ndani, gari likiwa kwenye gia na breki za mbele zimekanyagwa barabara, aguse mafuta kidogo kisha aachie, huku wewe ukitazama kwa mbali na kwa usalama, ukiwa ubavuni na kamwe si mbele au nyuma ya gari. Pua ya difu ikipanda kwa kiasi unachokiona bila kukitafuta, bushi zimekwisha. Zile zilizoko kwenye masikio ya ekseli, pale mikono ya juu inapofungiwa, ndizo husahauliwa zaidi, kwa sababu kuzibadilisha ni kazi ngumu na watu hununua mikono mipya wakaziacha za zamani ndani ya ekseli.

Baada ya bushi, chunguza chuma kinachozishika. Mikono ya Fox hufungwa ndani ya maboksi ya bati yaliyochomelewa kwenye sakafu ya gari, na maboksi hayo huchanika yanapopigwa na nguvu za dragi. Ufa wake hauonekani upesi kwa sababu ya lami na rangi ya chini. Kwangua hadi chuma kitoe rangi yake, pitisha taa kando ya mistari ya kuchomelea, na utafute kutu nyembamba ya rangi ya chungwa iliyojipanga kama uzi, au rangi iliyobanduka kwa umbo la pembe. Ukikuta mpasuko, hakuna marekebisho ya shokapu yatakayosaidia. Gari halikimbii tena hadi boksi lishonwe upya na kuongezewa bamba.

Nina neno la tahadhari kuhusu tiba inayopendwa sana, ya kuweka bushi ngumu za plastiki kila mahali. Kwenye mikono ya chini ni sawa. Kwenye mikono ya juu, ambayo imekaa mshazari, ekseli inapoinamia upande mmoja mikono hulazimika kujipinda kidogo, na bushi za raba ndizo zinazoiruhusu. Ukizifanya ngumu pande zote mbili, saspensheni inakwama na kuachia kwa ghafla, na gari lililokuwa linadunda linaanza kuruka pembeni bila onyo. Anayetaka ugumu juu aweke jointi ya chuma yenye mpira unaozunguka kwenye ncha moja, ili mkono uweze kugeuka bila kukwama.

Tukio la pili ni tairi kujikunja. Tairi haliondoki ardhini. Ubavu wake ndio unaosokotwa, kwa kuwa tairi la dragi lisilo na kashata, tuliite sliki, limetengenezwa kwa ubavu mwembamba unaokunjamana makusudi ili kulainisha kipigo cha kuondoka. Sehemu inayogusa njia hurefuka, raba ikajirundika kama zulia linalosukumwa kutoka upande mmoja, na gurudumu likalazimika kuupanda mkunjo wake lenyewe, kisha mwingine, kisha mwingine. Kwenye video utaona mawimbi yakipita ubavuni, na ardhini alama ni mfululizo wa michirizi iliyobanana.

Mtikisiko huu si jambo la kuvumilia. Mnamo Machi 2007 Eric Medlen, dereva wa daraja la Funny Car katika timu ya John Force, alipata jeraha kubwa la kichwa kutokana na mtikisiko mkali wa tairi alipokuwa akifanya majaribio huko Gainesville, Florida, na akafariki siku chache baadaye. Gari lake lilikuwa na nguvu mara nyingi zaidi ya Mustang ya mtaani, lakini kanuni ya dereva ni moja kwa wote: tairi likianza kujikunja, toa mguu kwenye mafuta papo hapo, au panda gia ya juu mapema. Anayeng'ang'ania hadi litulie lenyewe huvunja nusu-ekseli, hupasua difu, na anaweza kujiumiza.

Sababu za tairi kujikunja huelekea pande mbili zinazopingana, na hilo ndilo linalowachanganya watu. Tairi linaweza kujikunja kwa sababu nguvu ni nyingi mno kwa upepo uliomo ndani, ubavu ukashindwa kuisimamia. Linaweza pia kujikunja kwa sababu nguvu ni chache mno kwa njia yenye gundi nyingi: tairi linashika kabisa, halipati ile nafasi ndogo ya kuteleza linayoihitaji, injini inazama, na ubavu unaanza kupiga. Karatasi ya muda peke yake haitakuambia ni lipi kati ya hayo. Kipimo cha mzunguko wa injini kitakuambia. Mzunguko ukianguka chini sana mara tu baada ya kuondoka, kisha mtikisiko ukaanza, gari linakosa nguvu ya mwanzo. Ondoka kwa mzunguko wa juu zaidi au badilisha uwiano wa gia. Mzunguko ukipanda upesi, ukashikwa ghafla, kisha mtikisiko ukaja, tairi liliteleza halafu likashika, na hapo kazi ni kulainisha kipigo.

Upepo wa tairi ubadilishwe kwa nusu PSI (paundi kwa inchi ya mraba) kila mara, na badiliko moja lisizidi PSI 1. Kwa gari la uzito wa Mustang, sliki za kawaida za nyuzi za mshazari hufanya kazi kwenye PSI 12 hadi 16 hivi, na matairi ya dragi ya radial, ambayo nyuzi zake hazikukaa mshazari, hutaka kidogo zaidi, PSI 15 hadi 20, ingawa maelekezo ya mtengenezaji wa tairi hutangulia kila kitu. Geji iwe ile ya upepo mdogo, yenye mizani inayoishia PSI 30 au pungufu; geji ya kituo cha mafuta haiwezi kuonyesha tofauti ya nusu. Pima tairi likiwa limepoa, kisha pima tena baada ya kuchoma tairi kwenye maji, yaani kulizungusha gari likiwa limesimama, kwa kuwa joto hupandisha upepo na hilo ndilo gari litakaloondoka nalo.

Shokapu za nyuma zinakuja baada ya hapo. Kwenye saspensheni hii, inapokuwa imepangwa vizuri, sehemu ya nyuma ya bodi huinuka wakati wa kuondoka huku tairi likisukumwa chini. Shokapu ikiachiwa irefuke haraka mno, tairi hupigwa kwa nguvu nyingi kwenye mita mbili tatu za mwanzo, kisha bodi inapofika mwisho wa safari yake mzigo ule hutoweka na tairi hubaki jepesi. Ukiona kwenye video kwamba mtikisiko unaanza hasa pale bodi inapoacha kupanda, kaza urefukaji wa shokapu kwa mibofyo miwili, ukimbie tena, utazame. Usiguse upepo siku hiyohiyo kabla ya kuona matokeo.

Wenye magari ya saspensheni huru nyuma, na hapa namfikiria msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi mwenye Subaru iliyoongezewa nguvu, watakutana na kudunda zaidi kuliko kujikunja. Kwao mahali pa kuanzia ni bushi zinazoshika fremu ndogo ya nyuma pamoja na zile za difu, kabla ya mikono yoyote.

Pua inaposhuka

Kati ya mita 20 na 60 magurudumu ya mbele yanarudi kubeba uzito. Gari likiruka upande mmoja hasa wakati huo, uliza kwanza kama liliondoka limenyooka. Nguvu ya propela, shafti inayopeleka mzunguko hadi kwenye difu, huelekea kulipunguzia mzigo tairi la nyuma la kulia, na gari lisilo na stabilaiza imara ya nyuma, au ambalo springi ya kulia haijaongezewa nguvu, huondoka likiwa limepinda. Dereva hukata usukani kulinyoosha pua ingali juu, na magurudumu yanapogusa njia yakiwa yamekatwa, gari linachomoka. Hiyo kasoro iko nyuma hata kama dereva anaihisi mikononi.

Kama gari liliondoka limenyooka na bado likachomoka, tatizo liko kwenye mwelekeo wa magurudumu ya mbele. Wili alaimenti iliyopimwa gari likiwa limesimama haitoshi, kwa sababu kwenye dragi pua hupanda sentimita kadhaa, na tairodi isiyo sambamba na mkono wa chini huvuta gurudumu ndani au kulisukuma nje kadiri pua inavyopanda. Mustang iliyoshushwa chini kwa springi fupi huwa na kasoro hii karibu kila mara.

Kipimo chake hakihitaji mashine. Ondoa springi za mbele, weka uzito wa dereva kwenye kiti, funga usukani katikati, kisha uinue bodi kwa jeki kwa hatua za milimita 25, kuanzia kimo cha kawaida hadi juu milimita 75, na hatua moja chini ya kimo cha kawaida. Kila hatua, pima tofauti ya umbali kati ya matairi mawili kwa mbele na kwa nyuma ya tairi. Katika kimo cha kawaida unataka magurudumu yaelekee ndani kidogo, milimita 1.5 hadi 3 kwa jumla. Katika hatua zinazofuata unataka kipimo hicho kibadilike chini ya milimita 1 kwa kila hatua, na kwa vyovyote kisivuke kuelekea nje. Magurudumu yanayoelekea nje mwendo unapokuwa mkubwa hulifanya gari litafute njia mbili kwa wakati mmoja. Tiba ni kubadilisha kimo cha ncha ya tairodi kwa kuweka au kutoa washa, au kutumia ncha maalumu zinazokubali marekebisho hayo.

Usukani unacheza katikati ya njia na kuendelea

Usukani unaocheza kushoto na kulia kwa kasi, ukianzia kwenye mwendo fulani na kuzidi, hutoka mbele. Orodha ya watuhumiwa ni fupi, na mimi hufuata mpangilio huu: beringi za habu zilizolegea, tairodi, bushi za reki ya usukani, boljointi, kisha mizani ya gurudumu. Shika tairi juu na chini ulitikise, kisha kushoto na kulia. Uchezaji wa juu na chini ni beringi au boljointi. Wa kushoto na kulia ni tairodi au reki. Mwombe mtu mwingine ashike usukani huku wewe ukiweka kidole juu ya bushi za reki. Reki ikihama hata kidogo kabla ya magurudumu kugeuka, bushi hizo zibadilishwe.

Pembe ya kasta, yaani mlalo wa mhimili wa usukani ukitazamwa kutoka ubavuni, nayo huchunguzwa hapa. Fox lilitoka kiwandani na kasta ndogo, na wengi huliinua tako la gari ili kuweka sliki kubwa bila kukumbuka kwamba kuinua nyuma hupunguza kasta ya mbele zaidi. Gari lenye kasta ndogo halirudi lenyewe kwenye mstari mnyoofu, na dereva huchoka kulirekebisha. Bamba za kurekebishia sehemu ya juu ya shokapu huruhusu kuiongeza. Hata hivyo kasta kubwa kwenye gari lenye tairodi zilizochoka huamsha kucheza kwa usukani badala ya kukutuliza, kwa hiyo sehemu zilizolegea ziishe kwanza, kipimo kifuate.

Tako linaelea mwendo ukiwa mkubwa

Hili ndilo lalamiko la aliyetoka kwenye matairi ya mtaani akaingia kwenye sliki kwa mara ya kwanza: usukani umetulia, mtetemo hakuna, lakini tako la gari linaelea polepole kushoto na kulia, na kila dereva anapolirekebisha linazidi. Sababu kubwa kuliko zote ni kuchanganya matairi ya radial mbele na sliki za nyuzi za mshazari nyuma. Tairi la radial la mbele huitikia usukani mara moja. Ubavu laini wa sliki huchelewa, ukajipinda, kisha ukajirudisha. Dereva anarekebisha kosa ambalo tayari limekwisha, na gari linamjibu kwa kosa jipya. Weka matairi ya mbele ya nyuzi za mshazari, au weka ya radial nyuma pia. Pesa iliyokwenda kwenye shokapu kabla ya kurekebisha jambo hili ningeiona imepotea.

Kama matairi yanalingana na bado tako linaelea, tazama upana wa rimu. Sliki yenye uso wa inchi 10.5 kwenye rimu ya inchi 8 hubanwa miguuni, na ubavu wake hupinda kama hauna mshikilio. Rimu ya inchi 10 huunyoosha. Kisha ongeza upepo kwa PSI 1. Tyubu ndani ya sliki nayo huongeza uthabiti wa ubavu, ingawa huongeza uzito wa gurudumu.

Baada ya hayo rudi kwenye ekseli. Pima kutoka tundu la bolti ya mkono wa chini hadi kwenye mrija wa ekseli, kushoto na kulia. Tofauti inayozidi milimita 3 ina maana kwamba ekseli imekaa mshazari na inalisukuma gari pembeni muda wote. Tazama pia ule mstari wa rangi ulioupiga kwenye mirija. Difu ya inchi 8.8 iliyowekwa kwenye Mustang za V8 tangu 1986 ina mirija iliyosukumizwa ndani ya chuma cha kati na kushikwa kwa vichomeleo vichache, na kuondoka kwa nguvu huweza kuizungusha. Mstari ukikatika, mrija umezunguka, na mikono ya juu na ya chini haifanyi tena kazi katika pembe moja. Mirija inyooshwe na kuchomelewa kuzunguka pande zote na fundi anayejua kuchomelea chuma cha kusubu, maana joto likiwa baya ekseli nzima hupinda.

Mtetemo unaopanda pamoja na mwendo

Hesabu ndogo husaidia hapa. Tairi la inchi 26 lina mzingo wa mita 2.07. Kwa kilomita 200 kwa saa gurudumu huzunguka kama mara 27 kwa sekunde, na kwa difu ya uwiano wa 3.73 propela huzunguka mara 100 kwa sekunde, sawa na karibu mizunguko 6,000 kwa dakika. Mtetemo wa gurudumu unahisika kama mapigo yanayotikisa kiti. Wa propela ni mlio mzito unaowasha nyayo. Dereva makini anaweza kuutofautisha.

Kwa magurudumu, tazama kwanza mstari wa rangi kwenye rimu. Ukiwa umehama, tairi limeteleza juu ya rimu na mizani yote imevurugika. Ndiyo sababu gari hutulia likitoka kwa fundi na kuanza kutetemeka baada ya mbio chache. Dawa ni skurubu za rimu zikiambatana na tyubu, au rimu zenye pete ya kufunga tairi. Kisha kwangua vipande vya raba na kokoto zilizonata kwenye sliki, na upime uyumbaji wa rimu kwa geji ya mshale. Kagua nati za magurudumu: kanuni za NHRA, chama kinachosimamia mbio hizi Marekani tangu 1951, hudai nati iingie kwenye bolti kwa kina kisichopungua unene wa bolti yenyewe, kwa hiyo bolti ya inchi nusu inahitaji kushikwa milimita 12.7 au zaidi. Rimu nene za kisasa mara nyingi huila nafasi hiyo.

Kwa propela, kagua krosi (maungio ya propela) na pembe ya pinioni, gia ndogo ya difu inayopokea propela. Gari likiwa limesimama, pua ya pinioni ielekee chini nyuzi 2 hadi 4 kulinganisha na propela, kwa sababu nguvu itaipandisha. Mtetemo ukikoma mara dereva anapotoa mguu kwenye mafuta na kuweka gia huru, pembe hiyo ndiyo ya kushughulikia. Ukiendelea hadi gari linapopunguza mwendo, ni krosi, propela iliyopinda au magurudumu.

Baada ya mstari wa mwisho

Mtikisiko unaotokea tu breki zinapokanyagwa ni wa diski zilizopinda, au mabano ya breki yaliyolegea, au shokapu za mbele zilizokufa. Gari lenye parachuti likitupwa tako linapofunguka, angalia kimo cha pale kamba inapofungwa: ikivuta juu mno ya kitovu cha uzito hukandamiza sehemu ya nyuma, na ikivuta chini mno huiinua.

Kurudi njiani

Badilisha kitu kimoja, andika, kimbia. Mbio ya kwanza baada ya matengenezo isivuke mita 100; dereva atoe mguu, arudi, na alama zote za rangi zikaguliwe kabla ya gari kupoa. Ya pili iende mita 201 kwa nguvu kamili, na robo maili nzima ifuate pale tu hizo mbili zitakapopita bila dereva kuugusa usukani zaidi ya kawaida. Alama ikiwa imehama kwenye nati yoyote ya mikono au ya usukani, gari linatoka kwenye foleni na kurudi kwenye jeki, hata kama limekimbia vizuri.